Nilimwambia Mwanangu Nesi wa Simu Hajui Kitu

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia kabla hajamaliza kusoma.

Nimekuwa nikisoma maungamo ya wenzangu hapa. Kuna aliyeiba mume wa rafiki yake, kuna aliyekula michango ya harusi ya mdogo wake. Nikawa nasema moyoni, heri hao! Angalau walijua wanakosea. Mimi nilikuwa nakosea huku nashangiliwa.

Mimi ni mwanamke wa makamo, naishi Kihesa hapa Iringa, nashona sare za shule na magauni ya kitenge. Ni Mkatoliki, sala za jumuiya siikosi. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha. Mambo yenyewe sijayabadilisha, maana ningeanza kuyabadilisha ningejipendelea.

Yote yalianza na jasho.

Mnaijua baridi ya Iringa ya mwezi wa saba. Watu wanashinda na makoti, mtu anauota moto wa mkaa mpaka sketi inaungua hana habari. Mimi katikati ya baridi hiyo natokwa jasho! Niko kwenye cherehani, ghafla moto unapanda kutoka tumboni hadi utosini. Natupa sweta, natupa kilemba. Kidogo tu natetemeka, nalitafuta sweta lilipoangukia. Usingizi hakuna. Nikasema nimerogwa, au nina gonjwa lile ambalo watu hawalitaji jina.

Hospitali niliogopa kwenda, nisije nikaambiwa. Ila nilikuwa na namba kwenye simu. Niliitoa kwenye bango la zahanati siku moja nikisubiri foleni: piga bure, ongea na nesi, uliza swali lolote la afya. Niliihifadhi bila sababu, kama mtu anavyookota kifungo njiani.

Nikaingia stoo, nikajibanza nyuma ya magunia ya mahindi ili mume wangu asisikie, nikapiga. Salio halikatwi hata senti. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, hana haraka. Akaniuliza umri wangu. Akaniuliza habari za hedhi. Nikajibu kwa kunong'ona.

"Mama, hujarogwa," akasema. "Unaingia kwenye kukoma hedhi. Wanawake wote tunapita hapo."

Nililia pale pale juu ya gunia! Akanieleza nivae nguo nyepesi nyepesi za kupandanisha, nipunguze kahawa, nifanye hivi na hivi. Mwisho akasema, "Ila ukiona damu inatoka tena baada ya kukatika muda mrefu, usikae nyumbani, nenda kituo cha afya wakupime." Nikamshukuru, nikatoka stoo mtu mpya.

Wiki hiyo hiyo akaja Mama Batilda kupima gauni la sherehe. Mama Batilda ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mnene mcheshi, akisema jambo Kihesa nzima imesikia kabla ya jua kuzama. Nikiwa namzungushia futi kiunoni naona anafuta jasho, anajipepea na kitambaa changu cha bitana.

"Mama Editha, mwenzio nina kitu kinaniunguza ndani," akaninong'oneza. "Sijui ni presha, sijui nimelishwa kitu!"

Nikaweka futi chini. Nikamwambia yote, neno kwa neno kama nilivyoambiwa. Hujarogwa mama. Wanawake wote tunapita hapo. Vaa nguo za kupandanisha.

Alinitazama kama ameona malaika.

"Wewe umejuaje haya?"

Jamani! Jibu lilikuwa fupi. Nilipiga simu. Maneno mawili tu! Ningeyasema, ningempa namba, na leo nisingekuwa naandika hapa. Lakini macho yake yalikuwa yananitazama vile, na mimi maisha yangu yote nimetazamwa kama mtu wa kupunguza viuno vya sketi.

"Ah," nikasema, "mambo mengine mtu unayajua tu."

Na ile habari ya damu, kwamba aende kituo cha afya akiiona, sikumwambia. Nilisahau? Hapana. Niliona inaharibu. Ukishamtuliza mtu vizuri, halafu umalizie na hospitali, utulivu wote unaondoka.

Basi. Wakaanza kuja. Akaja mmoja na mtoto anayeharisha. Akaja mwingine mwenye vidonda vya tumbo. Akaja mama mkwe wa mtu, amebebwa na bodaboda kutoka Kalenga, miguu inamwaka moto. Wote wanajifanya wameleta nguo ya kushona! Nilishona viraka vya watu wazima mwaka ule mpaka nikachoka.

Mimi nasikiliza, natikisa kichwa, kisha nasema, "Ngoja kidogo, naingia ndani." Naingia stoo, nafunga mlango, nanong'ona na nesi. Sikuwahi kusema naingia kufanya nini. Lakini kwenye ufa wa mlango walikuwa wanasikia mnong'ono, na wao wenyewe wakapata tafsiri.

"Yule mama ana karama," Mama Batilda akawa anawaambia watu. "Hajibu kabla hajasali! Anaingia ndani, anasali kwa sauti ya chini, ndipo anatoka na jibu."

Mume wangu peke yake ndiye aliyejua. Ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na siku moja alikuja kuchukua mahindi ya kuku akanikuta stoo na simu sikioni. Aliposikia habari ya karama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Waambie basi," akasema alipomaliza kucheka. "Hiyo namba ni ya wote."

"Nitawaambia."

"Lini?"

Baadaye ukavumishwa uvumi kwamba nilisomea unesi ujanani, nikaacha nilipoolewa. Sikuuanzisha mimi, naapa! Lakini mtu akiuliza, "Eti ulisomea wapi?" mimi nilikuwa natabasamu na kusema, "Ni ya zamani hayo, tuyaache." Tabasamu lile ndilo lililokuwa cheti changu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo dhambi yenyewe ilipo.

Wale manesi wa simu, kila mmoja, awe mwanamke awe mwanaume, ana kawaida moja. Anakueleza la kufanya nyumbani, halafu lazima amalizie: ukiona dalili hii na hii, usisubiri, nenda kituo cha afya. Hakuna simu waliyokata bila kusema hivyo. Na mimi kila nilipotoka stoo nilikuwa naleta kila kitu isipokuwa hicho. Naleta jinsi ya kukoroga ORS, naleta vidonge vya zinki, naleta chakula cha mwenye vidonda vya tumbo. Kituo cha afya nakiacha kule kule kwenye magunia. Ningekuwa nampeleka kila mtu zahanati, si wangekwenda wenyewe zahanati? Mimi ningekuwa na kazi gani?

Na Mungu alivyo mvumilivu, hakuna aliyedhurika. Mtoto wa kuharisha alipona. Mwenye tumbo alipona. Yule bibi wa Kalenga akaniletea jogoo. Nikaona hata hizo simu si za lazima, nimeshaelewa namna wanavyojibu. Miguu ikivimba kwa mjamzito, kwa mfano, nilikwisha kuuliza kwa ajili ya binti wa jirani: nesi alisema wajawazito wengi huvimba miguu, apumzike, aiinue juu ya mto. Hilo nikalishika. Aliloongezea baada ya hapo, mnajua wenyewe nililiacha wapi. Nikaacha kuingia stoo. Nikawa najibu papo kwa papo, huku nakanyaga cherehani.

Mama Batilda akasema karama imekomaa.

Mwanangu wa kwanza ni Editha. Ameolewa Mbeya, maeneo ya Uyole, na kijana wa Kinyakyusa anaitwa Ambakisye, anauza mbegu na mbolea za viazi kwa wakulima wa milimani. Kijana mwenye heshima, tangu amchumbie mwanangu hajawahi kunisalimia akiwa amekaa. Editha alikuwa na mimba yao ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Nguo za mtoto nilikwisha kushona, sweta ndogo nilikuwa nimeagiza kwa mama mmoja anayefuma. Mtoto wa Mbeya bila sweta ataishije?

Jumamosi moja jumuiya ikawa zamu ya kwangu. Tulisali, tukasoma neno, tukamaliza, nikaleta chai na magimbi. Na kama ilivyokuwa desturi nikipokea wageni, baada ya kikombe cha kwanza maswali ya afya yakaanza. Huyu goti, huyu mgongo, huyu mjukuu anakoroma. Nimekaa kwenye kiti changu cha cherehani katikati yao, najibu. Nilikuwa na raha, siwezi kuwadanganya.

Simu ikaita. Editha.

Mtu mwenye akili angetoka nje kuongea na mwanawe. Mimi nikasema, "Huyu ni binti yangu wa Mbeya, ni mjamzito. Ngoja niweke sauti kubwa, mtajifunza kitu."

Nikaiweka simu mezani, kati ya vikombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Niko na wamama wa jumuiya hapa, wanakusalimia."

"Shikamooni," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mama, siko vizuri. Kichwa kinaniuma toka jana, hakiachii. Miguu imevimba, na uso naona umevimba. Halafu naona kama vimulimuli mbele ya macho."

Wamama wote wakanigeukia.

"Nimepiga ile namba ya bure ya manesi," akaendelea Editha. "Nesi ameniambia niende hospitali sasa hivi, nisisubiri. Ambakisye ameshaenda kuita bajaji. Nikasema ngoja nikuulize na wewe kwanza."

Na wewe kwanza!

Jamani, sijui niwaelezeje kilichonipata hapo. Mbele ya watu wangu wote, mwanangu mwenyewe ametaja ile namba! Nilihisi kama mlango wa stoo umefunguliwa, na kila mtu anaona yale magunia. Sikufikiria kichwa chake. Sikufikiria macho yake. Nilifikiria: wakiijua namba hii, na wakijua mwanangu mwenyewe anaitumia, mimi nitakuwa nani?

Nikacheka. Nilicheka kile kicheko cha mtu mzima anayejua.

"Wale wa simu!" nikasema. "Mwanangu, wale wamekaa ofisini wanasoma kwenye kompyuta. Kila ukiwapigia ni hospitali, hospitali. Hata ukijikwaa kidole watakwambia hospitali. Hawajui kitu!"

Wamama wakacheka. Mmoja akasema, "Kweli kabisa."

"Mimba ya kwanza hiyo, kuvimba miguu ni kawaida. Lala, weka mito miguuni, kunywa maji. Kichwa ni usingizi tu na hiyo baridi yenu ya Uyole. Ukienda kujazana kwenye foleni ndiyo utaumwa kweli."

"Lakini mama, nesi amesisitiza. Amesema kichwa na vimulimuli pamoja..."

"Editha!" nikasema. "Nesi hajakuzaa!"

Mama Batilda akapiga makofi. "Nesi hajakuzaa!" akarudia, akawatazama wenzake. "Mmesikia neno hilo? Nesi hajakuzaa!" Wakalirudia mmoja mmoja kama kiitikio cha zaburi.

Mwanangu akasema, "Haya mama. Asante."

Nikawamiminia wageni chai nyingine.

Haya nitakayosimulia sasa nimeyajua baadaye. Ambakisye alirudi na bajaji, kadi ya kliniki iko mkononi. Akamkuta mke wake kitandani, miguu juu ya mito. "Twende," akasema. Editha akamwambia, "Mama amesema nilale." Kijana wa watu akasimama pale mlangoni. Alikuwa na wasiwasi, ameniambia mwenyewe. Lakini mama mkwe amesema! Na mama mkwe mwenyewe ni yule ambaye watu wanafunga safari kumfuata, Editha si alikuwa anajisifia kwake? "Mama akisema, basi," akamwambia dereva wa bajaji. Akamruhusu aende.

Mchana nilikuwa naosha vikombe vya jumuiya simu ikaita tena. Ambakisye. Mara ya kwanza kunipigia bila salamu.

"Mama, Editha ameanguka! Anajirusha, macho yamegeuka, hanisikii! Nifanye nini mama? Niambie nifanye nini!"

Kikombe kiliniponyoka. Mdomo wangu, ule uliokuwa na jibu la kila goti na kila mgongo wa Kihesa, ukakosa hata neno moja. Nilisema, "Ngoja." Kijana amemshika mke wake anayekufa, mimi namwambia ngoja! Nikakata simu yake, nikakimbilia stoo, nikapiga ile namba.

Nilipokelewa na mwanaume. Nikasema kwa kelele, sikunong'ona tena. Mwanangu, mjamzito, ameanguka degedege!

"Mlazeni ubavu," akasema haraka. "Ubavu wa kushoto. Msimtie kitu chochote mdomoni. Sogezeni vitu vya kumuumiza. Tafuteni gari sasa hivi, apelekwe hospitali sasa hivi, mama. Alikuwa na kichwa kuuma kabla? Kuvimba?"

"Ndiyo."

"Na hakuna mtu aliyewaambia mwende hospitali?"

Hata hapo, ndugu zangu. Hata hapo, peke yangu na magunia, naongea na mtu asiyenijua jina wala sura.

"Hakuna," nikasema.

Nikampigia Ambakisye, nikamwambia ubavu, nikamwambia hospitali. Alikuwa ameshampakia kwenye gari la jirani. Hakunisubiri.

Mimi na mume wangu tulipanda basi. Njia nzima, Mafinga, Makambako, Chimala, hakunilaumu. Kuna mahali alinishika mkono. Nilitamani angenipiga kofi.

Tulipofika Mbeya, Editha alikuwa ametolewa chumba cha upasuaji, hajazinduka. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Nilionyeshwa, amefungwa kwenye khanga, ana nywele nyingi kama mama yake alivyozaliwa.

Daktari alikuja, kijana tu, macho mekundu kwa uchovu. Alisema ni kifafa cha mimba. Alisema mama anaweza kupona ila ameletwa kwa kuchelewa sana. Kisha akauliza, "Dalili zilikuwepo toka jana. Kwa nini mlikaa nyumbani?"

Tulikuwa watatu pale kwenye korido: mimi, mume wangu, na Ambakisye. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Ambakisye akajibu, anatazama sakafu.

"Tulichelewa kupata usafiri, daktari."

Alinifichia! Kijana niliyemuulia mtoto, bado damu ya mke wake iko kwenye shati, alidanganya ili mama mkwe wake asiaibike mbele ya daktari. Na mimi nikaikubali zawadi hiyo.

Mtoto alizikwa kwao Ambakisye, huko milimani, pembeni ya mashamba ya viazi. Wamama wa Kinyakyusa walinishika mikono, wakanipa pole kwa upendo mkubwa. Hawakujua wanamshika nani.

Editha alizinduka. Siku chache za kwanza hakuweza kuongea vizuri. Kisha siku moja nikiwa namlisha uji, akausogeza mkono wangu pembeni.

"Mama," akasema, "nataka kukuuliza kitu. Wewe ulijuaje kwamba yule nesi amekosea?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anayetaka kuelewa. Alikuwa anaamini kweli kwamba kuna kitu nilikijua.

Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia. Stoo, magunia, kunong'ona, jogoo wa Kalenga, karama, yote. Nikamwambia mimi sijawahi kujua kitu chochote ambacho sikukitoa kwa wale wale manesi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama dirishani.

"Kwa hiyo majirani wote uliwapa maneno ya nesi," akasema. "Mimi mwanao ndiye uliyenipa ya kwako."

Akageukia ukutani. Nilibaki na ule uji mpaka ukaganda.

Nilirudi Kihesa nikiwa nimeamua. Wamama wa jumuiya walipokuja kunipa pole, nilisimama mbele yao nikasema yote, kama nilivyosema kwa Editha. Nilisema mimi si nesi, sijasoma unesi hata siku moja. Nilisema hakuna karama, kuna simu. Nikawatajia namba. Nikawaambia mjukuu wangu amekufa kwa sababu ya mdomo huu.

Walilia. Nikadhani wameelewa.

"Mnaona unyenyekevu wake?" Mama Batilda akasema, anafuta machozi. "Huzuni imemshika mpaka anajikana! Mwenzetu, usijilaumu, kazi ya Mungu haina makosa."

"Siyo kazi ya Mungu!" nikapiga kelele. "Ni kazi yangu!"

"Pumzika, Mama Editha. Pumzika."

Wakatoka mmoja mmoja, wananikumbatia. Mmoja akabaki nyuma. Akasubiri wenzake wafike getini, akanisogelea.

"Samahani, najua uko kwenye majonzi," akaninong'oneza. "Ni hili goti tu, limerudi tena."

Mungu wangu!

Niliiandika ile namba kwa chaki kwenye mlango wangu, kubwa, mtu aisome akiwa barabarani. Mnadhani ilisaidia? Watu wanainakili, wanakwenda kupiga, halafu wanarudi kwangu. "Nimepiga, Mama Editha. Nesi amesema niende hospitali. Nimekuja unithibitishie. Si wewe mwenyewe ulisema wale hawajui kitu?"

Nilisema, ndiyo. Nililisema mbele ya mashahidi, na likasambaa vizuri kuliko lolote la kweli nililowahi kusema.

Sasa kila anayekuja nina jibu moja: nenda hospitali. Goti, hospitali. Kikohozi, hospitali. Wanasema nimekuwa mkali siku hizi. Wengine wanakwenda, wanaogopa, wanasema kama hata Mama Editha ameshindwa basi ugonjwa ni mkubwa. Mmoja alikwenda kwa woga huo huo akakutwa kweli ana sukari iko juu mno. Akarudi kuniambia karama yangu bado ipo. Nilifunga mlango nikalia.

Editha amepona mwili. Tunaongea kwa simu. Ananiambia mvua imenyesha Uyole, bei ya viazi imeshuka, Ambakisye anasalimia. Ananisalimia vizuri, ananiuliza hali ya baba yake. Juzi juzi nilisikia kwa mtu mwingine kabisa, mama aliyetoka Mbeya kuleta kitambaa, kwamba mwanangu alilazwa kwa malaria, akatibiwa akatoka. Mimi nilikuwa nimeongea naye wiki hiyo hiyo. Aliniambia yuko salama.

Kuhusu mwili wake hanielezi kitu tena. Na sina haki ya kumuuliza.

Wamama wenzangu, na nyie mashangazi, na nyie mabibi ambao simu zenu zinaita watoto wakiumwa, nawaomba kwa jina la Mungu. Mnapendwa kwa sababu ni mama zao, hiyo inatosha, msitafute cheo kingine juu ya hicho. Mtu hajawahi kufa kwa kwenda hospitali na kuambiwa rudi nyumbani, huna tatizo. Atarudi amechoka, atanung'unika foleni ilikuwa ndefu, mtapika chakula mtakula. Mimi natamani kunung'unikiwa hivyo.

Mwanao akikupigia akasema ameambiwa aende hospitali, usitafute neno la hekima. Wala usimuulize nani amemwambia. Muulize kama ana mtu wa kumsindikiza, halafu kata simu ili aondoke.